Kyungu Aliyechuja Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mswaki wa meno, kopo la mawese na sanamu ya mbuzi iliyochongwa juma lililopita. Jeran, yaani msimamizi wa duka, alinikalisha uani kwenye kigoda akaniambia nisugue mpaka mbuzi huyo awe na umri mkubwa kuliko babu yangu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hapa hatuuzishe miti," alisema. "Tunauzisha miaka. Kama mikono yako haiwezi kuleta miaka, rudi ku ziwa kwa baba yako."

Baba yangu alikuwa mvuvi aliyehamia Kalemie kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa, na mimi nilikuwa nimeapa sitarudi kunuka dagaa. Basi nikasugua. Ninyi vijana mnaofungua galeri na maduka ya vitu vya zamani mjini leo, mkipiga picha kila kikombe kwa simu, mnadhani kazi hii ilianza na ninyi. Acheni niwaambie ilivyokuwa, na mkishasikia hamtanionea wivu.

Duka letu lilikuwa katika nyumba ya Wabelgiji yenye veranda pana, si mbali na stesheni. Chumba cha mbele ndicho kilichoitwa galeri: sanamu, vinyago, picha za rangi za mitumbwi ambazo wachoraji wetu walizirudia hadi wakazichukia. Chumba cha pembeni kilijaa mabaki ya Wazungu walioondoka: viti vya mbao nzito, saa za ukutani zilizokufa, cherehani, majagi ya bati lililopakwa rangi nyeupe, taa za reli. Wateja walikuwa wageni waliokuja kwa kazi za misaada. Wiki nzima waligawa mahema, kisha mwisho wa juma walitutembelea kutafuta kitu cha kupeleka kwao.

Kazi ya uani tuliiita kuzeesha. Mti mpya ulipakwa ile dawa ya zambarau ya kusafishia vidonda, inayouzwa farmasi. Ikikauka juu ya mti inageuka kuwa kahawia. Kisha moshi wa majani mabichi, kisha mawese, kisha kitambaa. Sanamu iliyotakiwa kuonekana ya kale zaidi tuliifukia karibu na kichuguu, mchwa wakaila kidogo miguuni, tukaifukua kabla hawajaimaliza. Rangi hiyo ilidumu sana kwenye rafu. Rafuni hakuna jasho wala maji, na hakuna aliyeniuliza ingekuwaje mahali pengine.

Baadaye nilipandishwa nikawa mnunuzi. Nilikwenda Kabalo kwa treni, Niemba kwa baiskeli, Moba kwa mtumbwi wa injini. Huko ndiko nilikojifunza kutambua uzee wa kweli. Mti ulioshikwa na watu miaka mingi unalainika pale tu mkono unapokaa, si kila mahali, na hakuna mswaki unaoweza kuiga hilo. Nilijivunia ujuzi huo. Vita vilipowaleta watu Katanika, kwenye kambi ya wakimbizi nje ya mji, nilikwenda nikanunua kigoda cha mzee mmoja chini ya hema, naye tulipomaliza kuagana akabaki amesimama. Nilikibeba na kuondoka, na njiani nilikuwa ninawaza jinsi Patron atakavyonisifu.

Patron ndiye aliyekuwa mwenye duka. Alinisifu kweli, akanitoa vumbini akaniweka mbele, kwenye galeri, niwe muuzaji na mfungaji wa bidhaa. Ndipo Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, alipokuja.

Alikuwa Mtabwa wa milima ya Moba, akifanya biashara ndogo ya unga sokoni. Mtoto wa kike wa miaka minne alikuwa amemshika nguo. Mgongoni, ndani ya kitenge, palikuwa na kichwa cha pili, nami nikasogea kumchekea mtoto mchanga. Kilikuwa kichwa cha mti.

"Huyu chini njo Kabange," aliniambia. "Huyu mugongoni njo Kyungu, mukubwa wake. Alikufa akiwa na miezi tatu. Sasa amepasuka muguu, na ule muzee mwenye alimuchonga hayuko tena. Papa, mutaweza kumutengeneza?"

Kwao, pacha mmoja akifa, anachongewa mti, na mama anaendelea kulea wawili. Ukimpa aliye hai tunda, unampa na mwenzake. La sivyo, aliyekufa ataona amebaguliwa, atamwita ndugu yake amfuate. Mimi niliyajua hayo juu juu tu, kama mtu wa dukani anavyojua. Nikamgeuza Kyungu mikononi. Alikuwa laini mgongoni, pale mkono wa mama unapokaa. Begani alikuwa na alama ndogo za meno.

"Kabange alimuuma wakati meno yalikuwa yanatoka," mama alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Walikuwa wanagombana."

Nilimwambia arudi siku ya nne. Gundi ilikauka kwa siku mbili. Siku ya tatu aliingia mgeni, akapita rafu zote bila kugusa kitu, akasimama mbele ya meza yangu ya matengenezo. Alikuwa na jicho la kutambua, siwezi kumnyima hilo. Akaweka kidole kwenye alama za meno, akamwita Patron.

"Patron," nilisema kwa sauti ya chini, "hii ni ya mama mumoja. Ameileta kutengenezwa tu."

"Atachongewa ingine. Mti ni mti." Hakunitazama. "Wewe, uko na kazi ama hauko nayo?"

Nilikuwa na mke na watoto watatu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na tangu hapo nimeitazama kila upande bila kuiona ikigeuka kuwa sababu. Nikachukua karatasi. Nilimfunga Kyungu vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufunga, na mgeni akanishukuru. Kesho yake alipanda ndege.

Usiku wa siku ile ya tatu sikulala, asubuhi nikafanya lililo baya zaidi. Nilichukua sanamu mbichi iliyokuwa inalingana naye, nikaichonga uso kwa kukumbuka, nikaizeesha kwa ufundi wangu wote. Begani nilichora meno ya mtoto kwa ncha ya kisu. Mama Mapasa alipokuja jioni, nilimpa. Alimshika muda mrefu, akamweka mgongoni, akaondoka. Nilidhani amekubali. Nilipumua, nikajiambia nimemwokoa mtu na huzuni.

Sikujua kwamba kila asubuhi aliwaogesha wote wawili katika beseni moja.

Alirudi saa tatu siku iliyofuata. Kabange alikuwa na madoa ya zambarau na kahawia mikononi mpaka kwenye viwiko, na alikuwa analia kwa sababu alikuwa amesuguliwa. Mama aliiweka kazi yangu juu ya meza. Maji yalikuwa yameivua miaka yote. Mti ulikuwa mweupe, meno ya kisu yakabaki yanaonekana vizuri.

"Papa," alisema polepole, "mutoto wangu hajachuja rangi hata siku moja. Huyu ni nani? Na wangu yuko wapi?"

Patron alikuwa nyuma yangu. Alijibu yeye: mwizi aliingia, tulikuwa tunaona aibu kumwambia. Kisha akaniuliza mbele ya mama, "Si njo vile?" Nikasema ndiyo, njo vile.

Mama alikataa pesa alizopewa na Patron, akamshika Kabange mkono, akatoka. Miaka iliyofuata nilimwona sokoni na mtoto mmoja ubavuni na kitenge kitupu mgongoni, amekifunga vilevile kana kwamba kuna mtu ndani. Nilianza kununua unga kwingine.

Duka lilifungwa Patron alipohamia kwa wanawe. Jeran alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilistaafu bila barua wala mkono wa asante, nikabaki na ujuzi ambao siwezi kumfundisha mjukuu wangu bila kuona haya. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Yangu ilikuwa ndefu zaidi ya miaka ishirini, kisha mwaka huu mwanamke mmoja akabisha mlangoni. Alikuwa Kabange. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

"Mama aliniachia kazi moja," alisema. "Nimutafute Kyungu. Wanasema wewe unajua maduka yote. Mwizi alimuuza tu hapahapa, si njo vile? Utanisindikiza?"

Tulizunguka Jumamosi tatu. Mliokuwa wema mlitutolea viti. Kabange alishika kila sanamu, akapapasa bega kwa kidole gumba, akairudisha. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya mzee aliyechoka. Jumamosi ya tatu, katika duka la mwisho karibu na bandari, nilimwona anapapasa bega la sanamu ambayo hata kipofu angejua ni ya juma hili, na moyo ukanishinda.

"Kabange," nilisema, "hakuna mwizi. Patron alimuuza kwa mgeni, akaenda naye na ndege. Mimi njo nilimufunga katika karatasi. Na ule mwenye alichuja, mimi njo nilimuchonga."

Aliiweka sanamu chini taratibu. Muuzaji alijifanya anapangusa vikombe.

"Mama alikufa akimulaani mwizi," alisema. "Kumbe alikuwa anakulaani wewe."

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia pia kwamba Kyungu hayuko mji huu, tusijisumbue tena.

"Tutaendelea kutembea," akajibu. "Nikiacha kumutafuta, atajua tumemusahau. Ila kuanzia leo, wewe njo utauliza. Na utasema yote."

Kwa hiyo mnaponiona nasimama mbele ya meza zenu, nimevua kofia, si kwamba nimerukwa na akili kama mnavyonong'onezana. Ninasema nilivyoambiwa: ninamtafuta Kyungu, pacha wa dada huyu, ana alama za meno begani, mimi njo nilimuuza. Kabange hagusi rafu mpaka nimalize.