Pikipiki Iliyolala kwa Fundi

Jioni ile mke wangu alirudi nyumbani akiwa amepakiwa na mwanamume mwingine, na sababu aliyonipa ilikuwa sahihi kabisa. Pikipiki yake ilikuwa imefikisha kilomita za sevisi kubwa. Kwenye sevisi kubwa hupimwa nafasi za valvu, na valvu hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa hiyo pikipiki ilibidi ilale gereji. Fundi hakutaka atembee kwa miguu. Alimleta kwa pikipiki yake mwenyewe, na asubuhi akaja kumchukua. Hapa Kharumwa sidhani kama kuna mtu aliyeielewa sababu hiyo kunizidi mimi. Ndiyo maana iliniuma. Ingekuwa uongo, ningeweza kuupinga.

Mimi nina mashine ya kusaga na kukoboa. Shule niliishia darasa la saba. Injini nimejifunza peke yangu, kwa vitabu vya matengenezo vya Kiingereza na kamusi isiyo na jalada, ukurasa kwa ukurasa, nikinakili kwenye daftari kwa Kiswahili changu. Mke wangu aliponunua pikipiki kwa faida ya mchele na maharage anayowapelekea mama lishe wa machimboni, nilifurahi kana kwamba nimenunuliwa mimi. Niliagiza fila kutoka Kahama, yaani vile vibati vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake, vinavyopitishwa kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Kwa injini yake nafasi inayotakiwa haifikii unene wa karatasi ya daftari. Ikibana, valvu haifungi vizuri. Ikilegea, inagonga kama cherehani.

Sevisi ya kwanza nilimfanyia mimi. Ya pili pia. Ya tatu akaipeleka gereji.

Nilimwambia kwangu ni bure.

"Si bure," alisema. "Kwako nalipa kwa kusikiliza. Nimeshika tochi saa mbili nzima unanieleza habari za hewa na mafuta, na mchele wangu uko palepale."

Nilidhani anatania. Lakini sevisi ya nne ilipofika akaipeleka tena kulekule.

Tena hakwenda kwa sababu ya unafuu. Sevisi ndogo, ya kubadili oili, kusafisha plagi na chujio la hewa na kukaza mnyororo, ilimgharimu bei ya kilo chache za mchele. Sevisi kubwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo, na juu yake kuna siku nzima ya biashara iliyopotea. Bodaboda wengi hawaikubali siku hiyo. Wanakwenda kwa mafundi wanaofunga tapeti, yaani kurekebisha hizo nafasi za valvu, injini ikiwa bado ya moto, kwa kusikiliza mlio tu, dakika kumi, abiria amesimama pembeni. Huyu fundi wa mke wangu alikuwa amegoma kufanya hivyo. "Ilale," alikuwa akisema, na hakuongeza neno. Kijiwe cha bodaboda kilichokuwa ng'ambo ya barabara kiliibatiza gereji yake jina la gesti.

Jina hilo lilifika mpaka mashineni kwangu. Siku moja mteja wangu wa siku zote, mzee anayependa maneno, aliniamkia vizuri kwa Kisukuma, ng'wangaluka, akapima mahindi yake, akafunga gunia, ndipo akauliza kwa sauti ya kusikika kwenye foleni nzima, "Na pikipiki ya mama imelala gesti tena?"

Wanawake kwenye foleni wakainamisha vichwa kwenye ndoo zao. Nikawasha mashine ili nisisikie.

Fundi mwenyewe alikuwa Msumbwa wa Masumbwe, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, asiye na maneno mengi. Tulipokutana alinipa shikamoo mzee. Lakini alipomsalimu mke wangu alimwita dada. Mimi na mke wangu tumepishana miaka minne, na kwa salamu zile mbili huyu mtu alikuwa ametuweka katika vizazi tofauti. Nilianza kuhesabu mambo. Nilihesabu mara ambazo mke wangu alisema "fundi anasema" katika mlo mmoja. Fundi anasema mnyororo usikazwe sana, uache nafasi ya kuchezacheza. Nilikuwa nimemwambia hivyo mwaka mzima, tena kwa mchoro. Nilianza kutazama kilomita kwenye saa ya pikipiki yake kila jioni, na kukadiria ni lini zitafika sevisi nyingine, kama mtu anayehesabu siku za mgonjwa. Naandika haya kwa aibu, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Niliamini kwamba mke wangu anaondoka taratibu, na kwamba anaondokea palepale pembeni mwa barabara, penye paa la bati na matairi ya zamani.

Jumamosi moja, siku chache baada ya sevisi kubwa, alirudi kutoka machimboni alasiri, akaegesha pikipiki, akaoga, akaenda mazoezi ya kwaya. Nilijua nina kama saa moja na nusu. Nilichukua spana na fila.

Niliweka kiganja kwenye mapezi ya silinda. Yalikuwa na joto. Si la kuunguza, lakini joto. Kwenye daftari langu nimeandika kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini: ikiwa baridi tu. Nimeandika na sababu yake. Injini ya aina hii ikipata moto, silinda inatanuka kuliko zile fito zinazosukuma valvu, na nafasi inaongezeka. Ukiipima hapo utaona imelegea wakati haijalegea. Yote hayo niliyajua nikiwa nimepiga goti pale uani. Nikajiambia kwamba joto lile ni dogo.

Nilifungua kava, nikazungusha pistoni ikafika juu, nikapitisha fila. Ilipita bila kugusa kitu. Nikachukua kibati kinene zaidi, nacho kikapita. Valvu zote mbili. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo mbele ya injini. Huyo ndiye fundi wa kulaza pikipiki za watu. Nilibana zote mbili sawasawa na kitabu, nikakaza nati, nikafuta kava kwa kitambaa, nikarudisha vyombo. Mke wangu aliporudi alinikuta nasoma.

Jumatatu alfajiri pikipiki iligoma kuwaka. Alipiga kiki mpaka akavua sweta. Mwishowe mimi na jirani tukaisukuma hadi barabarani ikawaka, na ilipopata moto ikaenda bila shida. Jumanne hivyohivyo. Nilipaswa kuelewa palepale, maana dalili zote zilikuwa kwenye daftari: inakataa ikiwa baridi, inakubali ikiwa ya moto, valvu zimebana. Nilielewa. Nilichofanya ni kusema, "Huyo fundi wako."

Alipakia mchele wake akaondoka. Nikasema tena Jumatano, wakati huo tayari kumekucha na tulikuwa tumesukuma mpaka kwenye kona ya soko. Siku hiyo alichelewa. Mama lishe huanza kupika kabla wachimbaji hawajashuka kwenye maduara, mashimo yao ya kuchimbia, na asiyekuta mchele kwa wakati hununua kwa mwingine. Alirudi na gunia zima ambalo halijafunguliwa. Wateja wake wawili wakubwa walikuwa wamechukua kwa mwanamke anayetoka upande wa Geita, na huyo mwanamke alikuwa amewaahidi kuja kila siku. Mke wangu aliketi kwenye gunia lake, akasema atairudisha pikipiki ikalale, na kesho atamwambia fundi ukweli wake.

"Mwambie mbele ya watu," nilisema. "Nitakusindikiza."

Tulikwenda asubuhi kwa miguu. Nilivaa shati safi. Kijiwe cha bodaboda kilikuwa kimejaa, nao walipoona mume amekuja walivuka barabara mmojammoja wakijifanya wanatafuta upepo wa tairi. Mke wangu alisema alichokuja kusema, kwa ufupi, bila kupaza sauti: alilipa sevisi kubwa, alitii kulaza pikipiki, na sasa amepoteza wateja.

Fundi hakubishana. Alifungua kava, akaifikisha pistoni juu, akachagua kibati chembamba kuliko vyote alivyokuwa navyo. Hakikuingia. Akajaribu valvu ya pili, hakikuingia. Akainama akatazama nati kwa muda, kisha akaiangalia ile kava aliyoishika, ilivyokuwa safi. Aliinua macho yakanipitia mimi, yakaenda kwa mke wangu.

"Zimebana sana, dada," alisema. "Ama nilikosea, ama pamefunguliwa. Lakini ilitoka mikononi mwangu. Hela yako nitakurudishia."

Bodaboda walipokea hapohapo. Mmoja akasema gesti imefungwa, wageni watoe mizigo. Mwingine, kijana mwenye kofia ya sufu, alikuwa amelaza pikipiki yake usiku ule kwa mara ya kwanza, baada ya kubembelezwa miezi. Aliishika usukani akaanza kuitoa.

"Mimi naondoka nayo," alisema. "Niliambiwa hii kulaza ni ulaji tu, nikabisha. Naipeleka kwa wanaofunga ya moto."

Fundi alimwambia sawa. Hakumshika. Alikaa tu juu ya tairi, fila mkononi, na nikaona kwamba siku hiyo moja ilikuwa inafuta kazi yake ya miaka yote ya kuwaambia watu wasubiri. Nilichokitaka kilikuwa mbele yangu, kimetimia, na nisingelipa chochote. Na bado wivu ulikuwepo, tena mkubwa zaidi, kwa sababu mtu yule alikuwa ameubeba mzigo wangu bila hata kuuliza ni wa nani. Mimi nisingeweza.

Nilimwambia yule kijana airudishe pikipiki yake.

"Nilifungua mimi," nilisema. "Jumamosi. Ilikuwa bado ina moto, nikaona zimelegea, nikabana. Fundi hakukosea."

Bodaboda wakacheka kwa pamoja. Mmoja akanyanyua kofia yake akasema shikamoo injinia. Kijana aliirudisha pikipiki kwenye kivuli cha bati. Fundi alisema tu, "Basi nimeelewa," akaanza kulegeza nati, na mke wangu akashika tochi bila kuambiwa. Sikuwa na mahali pa kutazama. Mke wangu aliponigeukia alisema niende nikafungue mashine, watu watakuwa wanasubiri.

Siku ile hakuwapata tena wateja wake wawili. Mmoja alimrudia baada ya wiki kadhaa, mwingine mpaka leo ananunua kwa yule mama wa Geita.

Jioni hakupika. Alikaa mlangoni akichambua maharage, nami nikakaa karibu, nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza tangu mwanzo: kama kuna kitu kati yake na yule fundi.

"Kipo," alisema. "Pikipiki."

Akachagua jiwe kwenye maharage, akalitupa uani.

"Ungeniuliza ile siku ya kwanza, ningekujibu ile siku ya kwanza, baba watoto. Mimi nakaa pale, yeye anapima, ananiuliza inasumbua wapi, namwambia, anatengeneza, naondoka. Wewe hujawahi kuniuliza inasumbua wapi. Unaniambia wewe."

Nilitaka kumweleza kwamba mpimaji mzuri hahitaji kuuliza, kwamba fila inasema yenyewe. Nikanyamaza, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi. Aliendelea kuchambua. Alisema ile hela ya sevisi hataichukua, bali mimi nitamlipa fundi kwa siku nyingine aliyopoteza, na nitakwenda kumpa mwenyewe mkononi. Nilikwenda. Alipokea kwa mikono miwili, akasema asante mzee.

Pikipiki inaendelea kulala kwake kila sevisi kubwa, naye anaendelea kumleta mke wangu nyumbani, na mimi nasikia mlio wa pikipiki yake kabla haijakata kona. Injini yake haina kasoro. Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta. Spana zangu zinafanya kazi kwenye mashine ya kusaga tu. Pikipiki ya mke wangu ameniruhusu kuiosha, Jumapili baada ya ibada, kwa ndoo na kitambaa. Naiosha kwa utaratibu, kuanzia juu kwenda chini. Nikikuta kwenye tangi alama ya kidole chenye oili, kikubwa kuliko cha mke wangu, naanza na hapo.