Ripoti Niliyoirusha Ukutani

Mimi ni fundi wa programu ya stoo kwenye kiwanda kidogo cha alizeti hapa Singida mjini. Kila tukibadilisha kitu kwenye programu, mimi na mwenzangu Neema huandika mstari mmoja kueleza tulichofanya. Neema huandika Kiswahili. Mimi, kwa ujanja wangu, niliandika Kinyaturu, lugha ya wenyeji wa vijiji vya huku, maana bosi wetu Mama Zuhura ni wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini. Nikajua hataambulia kitu.

Juzi akataka ripoti ya kazi zote. Nikaandika skripti, yaani programu fupi, ya kuunganisha mistari yetu na kuipanga kwa tarehe. Ilimaliza kwa kufumba na kufumbua, nikajiona bingwa. Bila kusoma, nikairusha ripoti ukutani kwa projekta mbele ya wageni wake.

"Hapa pameandikwa nini?" mgeni mmoja akauliza.

"Hiyo ni lugha ya kompyuta, mzee," nikamjibu.

Mama Zuhura akavaa miwani, akasoma mstari wangu mmoja kwa Kinyaturu safi kuliko changu, kisha akawatafsiria: "Huyu mama hajui anachotaka. Nimerudisha kama ilivyokuwa jana."

Akanigeukia taratibu. "Mwanangu, mimi nimelelewa na bibi yangu kule kijijini Ilongero. Naye aliongea hiyohiyo lugha ya kompyuta."