Kimea Kilichoanikwa Juani

Mkitaka kumjua Mama Sanavbar, anzeni na mashuka. Miaka thelathini na mmoja amekuwa mtunza mashuka wa bweni la wasichana hapa chuoni kwetu, mjini Khujand, na kila Jumatatu husimama mlangoni mwa stoo yake, kitambaa kichwani na funguo kiunoni, akipokea machafu na kutoa masafi. Humtazama msichana usoni kwanza, shuka baadaye. Aliyekonda hupewa shuka na maneno. Aliyelia hupewa foronya mbili na haulizwi kitu. Mimi ni mlinzi wa lango kuu, namwona akiingia na kutoka kila siku, na mke wangu husema mwanamke yule angekuwa daktari kama angepata wa kumsomesha.

Lakini majira ya kuchipua yakifika, mashuka huwa kazi yake ya pili. Mwezi wa tatu hapa kwetu miaprikoti huchanua hata kabla ya kuota majani, na wanafunzi hutolewa madarasani kwa msaragambo. Wavulana hupaka chokaa mashina ya miti, wasichana huzibua mifereji, na jioni unakuta chokaa iliyoganda kwenye suruali ni nyingi kuliko iliyofika mtini. Bembea hufungwa kwenye miforosadi. Watu wa Fizikia huanza kuwatangazia watu wa Lugha kwamba safari hii kwenye kuvuta kamba watawaburuta hadi mtoni. Na Mama Sanavbar huloweka ngano.

Ngano hiyo ni ya sumanak, uji mzito wa kahawia unaopikwa kwa kimea na unga, mtamu kama asali ilhali haukuguswa na hata chembe ya sukari. Utamu wote hutoka kwenye kimea. Siku ya Navruz, mwaka mpya wetu, tarehe ishirini na moja, unaweza kukosa nyama, unaweza kukosa ngoma, lakini sumanak ikikosekana watu hurudi nyumbani wakiwa kama hawakualikwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiipika kwa chuo kizima, uani nyuma ya bweni, katika sufuria la chuma ambalo wawili wetu tukilibeba, wa tatu hutembea pembeni akituombea.

Mwaka uliotangulia mambo yalikwenda kombo. Kuni zilikuwa mbichi, sumanak ikachelewa, na wageni kutoka vyuo vingine walikaa na vijiko mkononi mpaka wakachoka, wakaondoka. Mwalimu Hotam, anayeshughulikia mambo ya wanafunzi, aliona aibu ambayo hakuimaliza mwaka mzima. Si mtu mbaya, Mwalimu Hotam. Ni mtu wa saa. Basi mwaka huu akatangaza kwamba sumanak italetwa na mkahawa wa mjini, ikiwa tayari, ndani ya ndoo zenye vifuniko.

Mama Sanavbar alivua aproni, akaenda ofisini kwa Mwalimu, mara ya kwanza tangu aajiriwe, akasimama karibu na mlango akamwomba mwaka mmoja tu. Mwalimu akafikiri, akakubali kwa sharti. Saa tatu kamili asubuhi ya sikukuu, sumanak iwe imeiva na iwe tamu. La sivyo, gari la mkahawa litakuwa linasubiri simu yake, na sufuria litaingia stoo lisitoke tena.

Akaloweka ngano yake siku tisa kabla. Alipoona imepasuka, akaitandaza kwenye sinia sita za mbao, akazipanga katika stoo ya mashuka, dirisha limezibwa kwa blanketi. Kimea cha sumanak hulelewa gizani. Kinatakiwa kitoke cheupe, mizizi imesukana kama zulia, maana kikionja jua tu kinakuwa kijani, na kikiwa kijani kimekuwa kichungu. Kila mtu hapa anajua hilo. Anajua tangu tumboni, ndiyo maana hakuna anayekumbuka kulisema.

Siku ya sita bintiye anayeishi mji wa Isfara akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mama hakuwa na la kuchagua. Akamkabidhi funguo Mohbegim, msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa zamu ya usafi, mtulivu, mwenye mkono mwepesi, akamwambia anyunyize maji asubuhi, mchana na jioni, na azitunze zile sinia kama angetunza watoto. Kisha akapanda gari.

Sasa, Mohbegim anatoka Badakhshon, milimani kabisa, ambako Navruz wanaipika kwa njia yao na sumanak si mila ya kijijini kwake. Anachojua yeye ni ngano ambayo nyanya yake huiotesha kwenye sahani ili kupamba meza, na ile kadiri inavyokuwa kijani ndivyo watu wanavyosifu. Akafungua stoo, akakuta vitu vyeupe, vimekunjamana, vinanuka unyevu. Akavihurumia. Aliniambia baadaye kwamba vilimkumbusha wagonjwa wa kifua. Akaita wenzake wawili wa mlimani kama yeye, wakabeba sinia zote sita hadi kwenye roshani inayotazama kusini, wakaziweka juani. Siku mbili. Hata wakaziimbia.

Mama Sanavbar alirudi jioni ya tarehe kumi na nane akiwa na furaha ya mjukuu wa kiume. Mohbegim akamshika mkono, akampeleka roshani kumwonyesha. Pale palikuwa kijani kitupu, kama uwanja wa mpira.

Wasichana wanasema hakupiga kelele. Alikaa chini, kwenye sakafu ya roshani, akapitisha kiganja juu ya yale majani mara moja, mara mbili. Kisha akacheka. Akacheka mpaka kitambaa kikamteleza, na alipomaliza kucheka ndipo machozi yalipoanza. Mohbegim, ambaye msichana mmoja wa hapa alikuwa amekwisha kumnong'oneza kosa lenyewe ni lipi, alikuwa mweupe kuliko kimea cha zamani.

Siku tatu hazitoshi kuotesha kipya. Mpishi wa kantini, mwanamume mwenye moyo mzuri na dhamiri ya mpira, akaja akamnong'oneza kwamba asage hicho hicho cha kijani, atie kilo nane za sukari, na hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua," akasema Mama Sanavbar. "Tena wewe ukishajua, kesho ng'ambo ya mto watakuwa wanajua."

Hapo Mohbegim akauliza swali lake, kwa sauti ndogo: je, watu wa mtaani hawaoteshi kimea majumbani mwao? Wanaotesha, akajibiwa, lakini kimea hakiombwi. Kwa nini hakiombwi, hakuna aliyeweza kumweleza vizuri. Walisema tu kwamba katika mtaa ulio nyuma ya chuo, mwanamke akitoa kimea chake, baraka ya nyumba inatoka nacho mlangoni.

Kesho yake asubuhi nilimwona akipita langoni na beseni kichwani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Kuomba kisichoombwa, mjomba. Mimi si wa hapa, labda watanisamehe."

Mlango wa kwanza alifunguliwa na Bibi Oyniso, ambaye mtaa mzima unamwogopa, nami nikiwamo. Mohbegim hakuzunguka. Alieleza kila kitu: stoo, giza, huruma yake, jua, hata nyimbo. Bibi akasikiliza bila kutikisika mpaka msichana alipofika kwenye nyimbo.

"Mliziimbia?"

"Ndiyo, bibi."

"Wimbo gani?"

Mohbegim akauimba, palepale kizingitini, maana hakujua kama anaulizwa kwa mzaha. Bibi Oyniso akashika fremu ya mlango. Akacheka kicheko ambacho watu wa nyumba ya tatu walikisikia wakadhani ni kilio, wakaja mbio. Kisha akaingia ndani, akakata theluthi ya sinia yake kwa kisu, kama mtu anayekata zulia, akaiweka kwenye beseni.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kimea changu hakisafiri peke yake. Kikiingia sufuriani, nami nitakuwepo nishike mwiko. Na bakuli la kwanza ni langu. Hivyo baraka itakwenda na kurudi, na mimi sitakuwa nimepoteza kitu. Kamwambie Sanavbar."

Habari ikamtangulia msichana. Kufikia mlango wa nne hakuhitaji kubisha, wanawake walikuwa wamekwisha kutoka nje wakimngoja. Wewe ndiye uliyeota jua na ngano, wakamuuliza. Hebu imba tuusikie. Akaimba kila mlango, na kila mlango ulitoa kipande chake kwa sharti lile lile la Bibi Oyniso. Nyumba kumi na moja. Alirudi mara tatu kumwaga beseni, na mara ya mwisho alikuwa akitembea kama bibi harusi, nyuma yake watoto wawili wakiimba wimbo wa Badakhshon kwa lafudhi ya Khujand.

Mama Sanavbar akatandaza vile vipande kwenye shuka safi, akavikagua. Vingine vilikuwa vichanga kwa siku moja, vingine vimepitiliza kidogo. Alikuwa hajawahi kupika kimea cha mikono kumi na moja. Utamu wake hakuweza kuuapia, na alisema hivyo waziwazi.

Tarehe ishirini mchana, kimea kikiwa kimesagwa na kukamuliwa, moto ukiwa umewashwa, wakaja. Nilidhani watakuja kumi na mmoja. Walikuja na wakwe, mawifi, dada, na matari yao yaitwayo doira, na mbele yao Bibi Oyniso, mwiko begani kama bunduki. Na mimi nilikuwa na amri ya Mwalimu Hotam, kwa ajili ya wageni wa kesho, kwamba asiingie mtu asiye na kibali na kwamba sababu ya kila aingiaye iandikwe daftarini.

Nikamweleza Bibi hivyo kwa adabu yote niliyo nayo.

"Kimea changu kimo ndani," akasema. "Nakifuata. Andika hivyo."

Nikaandika. Daftari lipo mpaka leo, kurasa mbili nzima: *anafuata kimea, anafuata kimea, anafuata kimea*.

Sumanak haiachwi hata dakika moja. Anayeshika mwiko hunuia jambo moyoni, akichoka humpa mwingine. Chini ya sufuria huwekwa kokoto saba za mtoni zilizooshwa, ziviringike ili uji usishike, na sauti yake ukiizoea ni kama watu wanaoongea chumba cha pili. Wakapokezana namna hiyo mchana ule hadi kulipokucha, wanawake wa mtaa na wasichana wa bweni, hata wavulana wa Fizikia waliokuja kwa kisingizio cha kuleta kuni. Bibi Oyniso aliwasahihisha wote. Alimwambia mmoja wao kwamba akishika kitabu kama anavyoshika mwiko, basi ana haki ya kufeli. Mohbegim alikoroga zaidi ya wote, na kila aliponyang'anywa mwiko ili apumzike alirudi kupanga foleni.

Alfajiri wakalifunika sufuria kwa shuka nene na kuliacha lipumue, kama ilivyo ada. Saa mbili na robo Mama Sanavbar akalifunua. Juu rangi ilikuwa imekaa, kahawia ya chai iliyokolea. Akachovya kijiko, akakipeleka mdomoni, wote tukimtazama, nami nilikuwa nimeacha lango kwa dakika mbili, Mungu anisamehe.

Alichota kijiko cha pili akampa Mohbegim. Yule binti akaonja, akafumba macho, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na hapo tukajua.

Lakini ahadi ni deni, na bakuli la kwanza lilikuwa la Bibi Oyniso, la pili la jirani yake, mpaka nyumba kumi na moja. Nao hawakuja na vibakuli vya chai. Walikuja na mabakuli ya harusi, maana kila nyumba ina wakwe, na wakwe wana majirani. Kisha wasichana waliokesha. Kisha wavulana wa kuni. Mama Sanavbar hakuweza kumnyima mtu aliyeshika mwiko, na usiku ule nani hakuushika.

Saa tatu kamili Mwalimu Hotam akaingia uani na wageni wake kumi na wawili, tai imenyooka, simu mkononi. Uani kulikuwa na doira, hariri za rangi zote, watu wanalamba vidole. Akachungulia sufuria. Aliona chuma, kokoto, na tabaka lililoshika pembeni.

"Mama Sanavbar," akasema polepole. "Mwaka jana wageni waliondoka kabla ya sumanak. Mwaka huu sumanak imeondoka kabla ya wageni."

Kabla hajajibiwa, Bibi Oyniso alimtia kijiko mkononi. Akamwambia kwamba wenye akili husubiri ukoko, na kwamba yeye mwenyewe bakuli lake lote angelibadilisha kwa ukoko kama meno yangemruhusu. Mwalimu akasitasita, kisha akainama, tai akaitupa begani, akakwangua. Akatafuna. Akainama tena. Mgeni mmoja, profesa mzima mwenye ndevu, akaomba kijiko, na baada ya muda wote kumi na wawili walikuwa wamelizunguka sufuria vichwa chini, wakisukumana viwiko kama watoto.

Simu ikalia katikati ya hayo. Ilikuwa mkahawa. Mwalimu Hotam alijaribu kuongea, lakini ukoko wa sumanak haukuruhusu, ulikuwa umeshika taya zake zote mbili. Akaguna mara mbili, upande wa pili hawakuelewa, basi akamnyooshea simu Mama Sanavbar, akamwashiria aseme yeye.

Akafuta mikono kwenye aproni kwanza, akaipokea simu.

"Msilete ndoo," akasema. "Ila mwakani mkitaka, njooni siku moja kabla, na mwiko wenu."