Mbwa Aliyeogopa Mgongo Wangu

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua ni mbaya, sitadanganya mtu. Inanuka kama gunia lililosahaulika nje, kama blanketi la mtoto ambaye bado anakojoa kitandani. Lakini wiki jana mvua iliponyesha hapa Kawangware, mbwa wa mwenye ploti akaja kujikung'utia mlangoni pangu, sikukunja pua. Nilisimama na sufuria mkononi, na kwa kitambo nikawa tena msichana wa miaka kumi, niko juu ya mlima, upepo wa ziwa unanipiga masikioni na mbele yangu mkia wa kahawia unakata nyasi kama mtu anayejua aendako.

Mwaka ule mwenye nyumba wetu wa Kambi Muru, huko Kibera, alitutoa ili ajenge upya. Mama akapata pa kulala kwa rafiki yake Soweto East, chumba ambacho tayari kilikuwa kimejaa watoto, na mimi sikutosha. Akanipeleka kwa mama yake, dani wangu, kwenye vilima vinavyolitazama Ziwa Victoria. Pale stendi hakunibembeleza. "Atieno, skiza. Nikipata nyumba kabla shule zifunguliwe, nitapiga simu urudi. Nisipopata, utasomea huko." Akaniacha na mfuko wa nguo na maneno hayo. Niliyabeba likizo nzima kama changarawe ndani ya kiatu.

Shida ilikuwa simu yenyewe. Kwa dani mtandao haukufika. Ulishika juu kileleni tu, kwenye mwamba mmoja mpana uliokuwa umelainishwa na makalio ya watu waliokuja kuongea na jamaa zao wa Nairobi. Mama alikuwa ameahidi kupiga kila Jumamosi mchana. Magoti ya dani yalikuwa yamekataa milima, kwa hiyo wa kupanda na simu yake nilikuwa mimi, na dani alikuwa na sheria moja tu: hakuna mtoto wake anayepanda bila Rachar. Huko kuna moma, nyoka mzito mvivu, anayelala katikati ya njia na hakupishi. Kuna fisi kwenye makorongo. Rachar alikuwa mbwa wa dani, wa kahawia mwenye kifua cheupe. Jina hilo huitwa ng'ombe mweupe. Dani hakuwa na ng'ombe hata mmoja, basi akampa mbwa jina la ng'ombe na heshima yake yote.

Mimi nilikuwa nimeshaharibu mambo tangu siku ya kwanza. Rachar alikuja kunilaki langoni, na mimi nikafanya kile mtoto yeyote wa Kibera anachofanya akikutana na mbwa: nikainama haraka na kugusa ardhi. Hata kama hakuna jiwe, unainama tu. Mbwa wa kwetu wanaelewa, wanapotea. Hiyo kwetu si ukatili, ni kama kupisha mkokoteni. Lakini Rachar aliwahi kuvunjwa mguu kwa jiwe kabla dani hajamwokota sokoni, na aliponiona nimepinda mgongo alipiga ukelele, akatoweka nyuma ya ghala hadi jioni.

Jumamosi ya kwanza alinifuata kwa sababu dani alimwamuru. Tulipofika kwenye chemchemi, kamba ya raba yangu ikafunguka. Nikainama kuifunga. Nilipoinuka, mlima ulikuwa wangu peke yangu. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, simu ya mama ikanipita, na nikamwambia dani kwamba mbwa wake ni mjinga.

"Mjinga ni nani?" dani akauliza, akiendelea kuchambua mboga. "Yeye hana neno na wewe, nyakwara, mjukuu wangu. Ana neno na mgongo wako."

"Sasa nifanye nini na mgongo wangu? Niukate?"

"Ukalishe. Anayechuchumaa hawezi kurusha."

Basi wiki hiyo nilijifunza kuishi bila kuinama. Jaribu uone. Niliokota kuni kwa kuchuchumaa, mgongo umenyooka kama wa bibi harusi. Niliteka maji nimechuchumaa, nikafagia uani nimechuchumaa, watoto wa jirani wakanicheka hadi wakachoka: "Mnairobi anataga mayai!" Mapaja yaliniwaka moto. Rachar alikaa mbali akinitazama, jicho moja limefumba kidogo, kama mwalimu anayesahihisha. Siku moja, nikiwa nimechuchumaa hivyo kando ya rundo la kuni, nikasikia pumzi ya moto shingoni. Sikugeuka. Mwenda pole hajikwai.

Tangu hapo tulipanda. Nimeona watu wengi wakijifanya viongozi, lakini sijaona anayeongoza kama mbwa yule. Alitangulia, lakini si kwa mbali. Kila njia ilipokunja alisimama, akageuza kichwa, akangoja hadi anione, ndipo akaendelea. Hakuniharakisha. Palipokuwa na kitu kibaya alisimama kimshazari, akaziba njia kwa mwili wake, na hapo hata ungempigia magoti hakupishi. Mara moja nilichungulia juu ya mgongo wake nikaona kile nilichodhani ni kipande cha gogo kikijikunjua na kuteleza majanini. Rachar hakubweka. Alingoja nyasi zitulie, akaninusa mkono, akaendelea na safari kama vile hajafanya kitu. Tulipofika juu, ziwa lilijitandaza chini yetu lote, la kijivu kama bati jipya, visiwa vimelala, magugu maji yakielea katika mapande ya kijani, na mwewe wakizunguka chini yetu. Chini yetu! Kibera nilikuwa sijawahi kuuona mgongo wa ndege angani. Rachar alikaa ameinua kifua chake cheupe, na wallahi alilitazama ziwa lile kama mwenye hati yake. Kila Jumamosi simu ililia, mama akasema, "Bado, mwanangu," nasi tukateremka.

Jumamosi ya mwisho kabla shule zifunguliwe, mlima ulikuwa ndani ya wingu. Dani alisita mlangoni, akatazama juu, akamtazama Rachar. "Nenda naye," akasema, na sikujua anamwambia nani. Mvua ilitupata kwenye chemchemi. Sikuona njia, niliona kifua cheupe tu, kikigeuka kila kona kunitafuta. Tulipofika kwenye mwamba simu ikaanza kulia ndani ya karatasi ya nailoni, mikono yangu imekufa ganzi, nikaichomoa vibaya, ikaniponyoka na kuingia ufa kati ya mawe. Ikawa inalia huko chini. Nilisahau kila kitu. Niliinama mzima mzima, makalio juu, mkono hadi begani ndani ya mawe. Nilipoishika na kuinua kichwa, nilijua nitakuta niko peke yangu kwenye ukungu.

Pua yake ilikuwa kando ya mkono wangu. Alikuwa ameiingiza ufani, ananisaidia kutafuta. Akajikung'uta, akanilowesha uso.

"Mbona hushiki simu?" Mama alikuwa anapiga kelele. "Nimepata! Kambi Muru hapo hapo, na hii haivuji. Dani akupandishe gari kesho."

Nilisema ndiyo, mama. Rachar alikuwa ameweka kichwa gotini pangu, kizito, kinanuka. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: siku ile nilishuka polepole kuliko siku zote, na yeye akaningoja kila kona. Baadaye dani aliponitumia salamu kwa watu waliokuja mjini, zilikuwa zilezile kwa muda mrefu: mwambieni mbwa wake bado anapanda hadi kwenye mwamba, anakaa, anarudi.

Siku hizi mtandao unashika hadi jikoni kwa dani, ambaye hayupo tena, wala Rachar. Mimi nina binti wa miaka mitano, Hawi, na chumba upande huu unaopakana na Riruta. Maji mengi zaidi aliyowahi kuona ni lile bwawa lililo chini ya Kibera, limefunikwa magugu hadi watoto hudhani ni shamba. Mbwa wa ploti hufungwa mnyororo mchana kutwa, na vijana wakipita humtupia mawe kupoteza muda. Nimewagombeza hadi nimeitwa wazimu. Jirani yangu akaniambia, "Mama Hawi, tulia, si ni mbwa tu?" Nikamwambia na yeye ni jirani tu. Hatujasalimiana tena, na sitaanza mimi.

Lakini siku ile ya mvua, mbwa alipokata mnyororo akaja kujikung'utia mlangoni, Hawi alitoka nyuma yangu, akapinda mgongo wake mdogo, akagusa sakafu. Hakuna aliyemfundisha. Mbwa akaruka hadi kwenye geti, akatetemeka hapo mvuani. Damu ilinichemka, kwa hao vijana, kwa mnyororo, kwa mji unaomfunza mtoto jiwe kabla ya herufi. Sikumchapa. Niliweka sufuria chini, nikachuchumaa kizingitini, nikamvuta kando yangu.

"Mum, tunafanya nini?"

"Tunangoja. Nyoosha mgongo."

Tangu siku hiyo, kila jioni tunachuchumaa hapo, watu wanaruka miguu yetu wakielekea chooni, wengine wanacheka. Jana mbwa alitoka kwenye geti, akaja hadi kwenye mfereji, akasimama. Mapaja yananiwaka kama zamani. Hawi hajalalamika.