Mlio wa Kona ya Kushoto

Gari langu la kwanza lilikuwa dogo, rangi ya fedha, na lilifika Pemba likiwa limeshachoshwa na watu wengine. Nilikuwa nasomesha skuli moja nje kidogo ya Chake Chake, mkondo wa mchana, nikiondoka nyumbani kabla ya adhuhuri na kurudi magharibi ikikaribia. Nilikaa Tibirinzi na mama yangu. Nyuma ya gari, kwenye bampa, kulikuwa na vidude vinne vya duara, vikubwa kama vifungo vya koti. Mafundi huviita sensa. Ukirudi nyuma ukakaribia ukuta au mtu, ndani ya gari kunalia ti, ti, ti, polepole, na ukizidi kusogea mlio unakaza mpaka unakuwa mmoja usiokatika.

Masika ya mwaka ule nilikwenda Gando kumtazama mama mdogo. Bondeni mvua ilikutana na maji ya bamvua, bahari ikijaa kupita kawaida, barabara ikapotea. Lori lililokuwa mbele yangu lilipita, nami nikalifuata, maji yakapanda mpaka nikayasikia yakigonga sakafu chini ya miguu yangu. Nilivuka salama. Kesho yake, nilipotia gia ya rivasi uani kwetu niende skuli, gari lilitoa ule mlio mmoja mrefu, kama vile kuna mtu ameegemea bampa.

Nikashuka. Mchanga ulikuwa umelowa na hauna alama ya mguu. Hata kuku hakuwapo.

Ikawa ndiyo desturi. Kioo kinakuonyesha uwanja mtupu, sikio linakwambia yupo. Nilianza kurudi nyuma kichwa kikiwa nje ya dirisha, mvua ikininyeshea. Siku moja mama alisimama mlangoni akaniashiria nisiende.

"Mngoje apite," alisema.

"Nani, mama?"

"Mie sijui nani. Gari lako ndilo linalosema."

Jirani yetu wa nyuma ya ua alikuwa fundi wa redio na simu, na umeme wa magari aliujua pia. Lakini tangu uchaguzi, nyumba zetu mbili zilikuwa hazisemeshani. Chama chao hakikuwa chama chetu. Miaka ile watu walisusiana maduka, wakasusiana mpaka mazishi. Sisi hatukutukanana hata neno moja. Tuliacha tu kuamkiana. Ua wa makuti uliotutenga ulikuwa mwembamba, tukisikia wakikohoa, nao bila shaka wakitusikia, na njiani tulipishana macho chini.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni kwa miguu nikamkuta amekaa barazani kwetu, mkoba wa vyombo vyake pembeni. Mama ndiye aliyemwita. Alivaa buibui lake, akazunguka ua, akapiga hodi kwenye nyumba ambayo hatukuikanyaga tangu kura zihesabiwe.

"Assalaam aleikum, mwalimu," jirani alisema.

"Waaleikum salaam."

Hayo tu. Aliniomba nifungue swichi bila ya kuwasha injini, nitie rivasi. Mlio ukaanza. Akachuchumaa nyuma, akaweka sikio kwenye kila kidude.

"Kizima hugonga kama saa ya mkononi," alisema. "Njoo usikilize."

Nikapiga magoti. Vitatu vilikuwa vinagonga, taratibu sana. Cha kona ya kushoto kilikuwa kimya. Alifungua bampa, akakichomoa, akakibadilisha nafasi na mwenzake, ili aone kama ubovu utahama nacho. Haukuhama. Kilipokaa pahala pengine kiligonga vizuri, na kile kizima kilichokwenda kushoto kikanyamaza.

"Kidude hakina kitu," alisema. "Kona ndiyo mbaya."

Sikuyapenda maneno yale. Alivuta waya wa kona ile. Soketi ilikuwa imeota kutu ya kijani. Akaisugua kwa mswaki na spiriti, haikusaidia. Akaanza kukata waya kidogo kidogo, na kila alipokata, shaba ya ndani ilikuwa nyeusi. Maji yalikuwa yametambaa ndani ya plastiki mpaka karibu na buti la mizigo. Tuliponyanyua tairi la akiba, chini yake maji ya Gando yalikuwa bado yapo, yananuka pwani. Nikayateka kwa kopo.

Alikuwa anaunga waya mpya kwa risasi iliyoyeyushwa aliponiuliza, bila ya kuinua uso, "Mwalimu, gari hili mchana linakuwa wapi?"

"Skuli. Naondoka nalo."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

Alipuliza risasi ipoe. "Mie nalisikia alasiri. Nikishasali tu, linalia hapa uani kwenu, ule mlio mrefu. Nikisema mwalimu karudi mapema, mbona hashuki? Juzi nikachungulia. Gari hamna."

Nilingoja acheke. Mama alikuwa kwenye kizingiti akichambua mchele. Mikono yake ilisimama.

"Hata mie nalisikia," alisema. "Hapo karibu na mkomamanga."

"Hapo hapo," alisema fundi.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani naumwa." Akamgeukia jirani. "Na wewe je, mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, Bi mkubwa?"

Nilisema labda ni redio mojawapo mezani kwake. Alitikisa kichwa. Alishazizima zote, akasikiliza tena.

Akamaliza kazi. Alizungushia utepe kwenye maungio, akaziba soketi kwa silikoni, akarudisha bampa. Nikatia rivasi. Kimya. Kisha akaja kutoka nyuma, hatua kwa hatua, na gari likaanza: ti, ti, ti.

"Huyo ni mie," alisema.

Akasogea kando, mlio ukanyamaza. Mama alimpa chai, akainywa amesimama.

Gari halikunisumbua tena. Nyumba zetu hazikurudi kuwa kama zamani, na uchaguzi uliofuata bendera zilipanda tena, kila mtu na yake. Ila tangu siku ile, alasiri baada ya sala, mama alikuwa akienda uani na kumuuliza jirani ng'ambo ya makuti, "Umesikia leo?"

"Sijasikia, Bi mkubwa."

"Wala mie."

Kwa muda mrefu mazungumzo yao yalikuwa hayo tu. Baadaye yakaongezeka mengine, ya mvua, ya watoto wa jirani, ya bei ya unga.

Siku moja ya kiangazi, wakati wa likizo, nilikuwa barazani, gari liko mbele yangu, milango wazi linapigwa upepo. Mama akauliza kama kawaida.

"Leo, kidogo," alisema jirani.

"Na mie," alisema mama.

Akaanua nguo kambani, akaingia ndani, akafunga dirisha la upande wa mkomamanga. Nilibaki nimekaa pale barazani nikilitazama gari. Mimi sikuwa nimesikia kitu.