Siku Niliyojipigilia Misumari Ndani ya Banda la Kuku

Jamani nichekeni tu, maana mtaa wetu wa Nyanga mzima walishanicheka, mpaka mbuzi walicheka, na mimi mwenyewe nikipita karibu na lile banda nageuza uso pembeni kama mwizi aliyeona polisi.

Mambo yalianzia kwa mama mkwe. Alikuwa anakaa Kaagya, sasa anahamia Muleba kwa mtoto wake wa mwisho, na kule nyumba ni ya kupanga, kuku hawatakiwi. Na kuku wake si hawa wenu wa madukani! Jogoo wake akiwika Kaagya, mtu wa Bukoba mjini anaamka anatafuta viatu. Basi akatangaza: nakuja Jumapili na kuku wangu, nikikuta banda la maana nawaacha, nikikuta upuuzi nateremka nao Miembeni kwa mkwe wangu mwingine. Huyo mkwe mwingine ndiye kamuoa mdogo wake mke wangu, na alishasema mbele ya ukoo kwamba mimi ni fundi wa mdomo. Koku, mke wangu, akasimama palepale akasema, "Mume wangu banda atajenga, na litayashinda ya kwenu." Sasa hapo mnaona, si kuku tena, ni neno la mke wangu limewekwa mezani.

Kujenga nini, na stoo ya mbao ipo nyuma ya nyumba? Nikatoa magunia ya kahawa, nikatoa madumu, nikatoa baiskeli ya marehemu baba iliyobaki kengele tu, nikakata kitundu chini ukutani cha kuku kupitia, nikakizungushia fremu ya mbao. Jumapili asubuhi Koku akajifunga kitenge aende misa, na akitoka huko apitilize stendi kumpokea mama yake. Akaniambia, "Baba Asimwe, leo misa nakusamehe mimi, kwa Mungu utajieleza mwenyewe. Malizia mlango."

Mlango ulikuwa umeoza chini, kicheche anapita na familia yake. Nikasema huu nauziba moja kwa moja kwa mbao, na nazipigilia kwa ndani (hapa ndipo akili iliponiaga), maana nje jua kali, halafu za nje mwizi anazing'oa. Nikajifungia, nikapiga misumari ile mirefu ya kuezekea ikulu. Mayai tutaokotaje? Sikujiuliza. Msumari wa mwisho nikaupiga kwa furaha mpaka mpini ukakatika, kichwa cha nyundo kikaruka kikatokea kwenye upenyo wa chini ya bati, kikaniacha na kijiti mkononi. Nikajifuta jasho, nikageuka nitoke.

Nitokee wapi?

Nikasukuma mbao kwa bega. Wapi! Nikaita majirani, wote wako kanisani. Kikabaki kile kitundu cha kuku. Nikavua shati, nikavua suruali ili nipungue, nikazitanguliza nje (mbuzi wa jirani akaondoka na suruali, nikimwona hivihivi), nikajisukuma. Kichwa kikatoka, bega, mkono mmoja. Tumbo likagoma. Mbele haliendi, nyuma halirudi, nimekaa pale kama kobe.

Mara nasikia bodaboda. Mama mkwe! Kumbe hakungoja stendi, kachukua pikipiki kaja moja kwa moja na tenga lake la kuku.

Sasa muelewe, siku hizi vijana wa mjini wanakumbatiana na mama wakwe zao, lakini huyu wangu ni wa zamani. Mkwe hamgusi, mkwe hamtazami usoni, na mimi nimebaki na bukta. Alipozunguka nyuma ya nyumba akaniona, akasema "Mawe!", ndiyo "mama yangu!" ya Kihaya, akajifunika kanga, akanipa mgongo, akaanza kuongea na mgomba.

"We mgomba, kuna mtu hapo nyuma yangu?"

"Mgomba," nikasema, "mwambie mama shikamoo."

"Mgomba, mwambie marahaba. Muulize anatafuta nini huko chini."

"Mwambie... nakagua msingi."

"Muulize, msingi unakaguliwaga bila shati?"

Nikautazama mgomba, nao haukunisaidia. Yule mama akatoa kahawa za kutafuna kwenye pindo la kanga, akatafuna akiwaza. Kunivuta mkono haiwezekani, mila imekataa. Akafungua kamba ya tenga, akairusha kwa nyuma bila kutazama, ikanipiga puani.

"Mgomba, mwambie ashike."

Nikashika. Akaiweka begani, akavuta kama anatoa ng'ombe kwenye tope, mimi napiga kelele, kuku wanapiga kelele, na kumbe misa ilishatoka. Koku alimkosa mama yake stendi, sasa anaingia na wanawake wote wa jumuiya waliokuja kumsalimia mgeni, wanaimba. Wimbo ukakatikia njiani. Palepale nikachomoka, puu! na fremu nzima ya kitundu kiunoni kama mkanda.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye matope na nguo ya kanisani. Koku hakucheka. Alinifunika kitenge chake cha begani, nikaona macho yake yanalengwa na machozi, nikajua neno lake nimelizika mimi.

Mama mkwe akaenda mlangoni. Akasukuma mbao kwa mkono. Akasukuma kwa bega. Akarudi nyuma akaja na teke (yule mama!). Hata kutikisika.

"Koku," akasema, "hicho kitundu kirudishwe, na usiku kizibwe kwa jiwe. Lakini mbao za mume wako hazitoki. Kama yeye mwenyewe kashindwa kutoka, kicheche ataingilia wapi? Kuku wangu wanabaki hapa."

Wanawake wakapiga vigelegele, Koku ndio akacheka, akacheka mpaka akanishika bega asianguke.

Kuku tunao, mayai tunayakokota kwa fimbo kupitia kitundu, tunakula. Ila mimi siku hizi, hata msumari wa kutundikia kofia, naupiga milango yote ikiwa wazi na mtu mzima amesimama nje ananisubiri.