Siku Nilipoondoa Kinu, Mchi Ukiwa Hewani

Ukinikuta mtaani Kasuku, hapa Kindu, nazunguka nyuma ya soko kwenye matope badala ya kupita barabara kubwa, usidhani nimepotea, njia naijua vizuri, ila barabara kubwa inapita mbele ya mlango wa Mama Furaha, na mlango ule siwezi kuupita nikiwa nimeinua uso, maana ni mimi (fundi wa kompyuta, mwalimu wa watu, yule anayejisifu kwamba hakuna jambo asiloweza kulieleza polepole hadi likaeleweka) niliyemnyamazisha mume wake, tena mbele ya watu wote walioalikwa kwenye harusi ya binti yao.

Papa Amisi, mume huyo, alikuwa mtu wa reli. Vita ilipofika na treni zikakoma, alichukua baiskeli kama wanaume wengi wa Kindu, akawa anaisukuma na mafuta ya mawese hadi Kibombo kutafuta chumvi, na safari ya mwisho alimwacha mke wake na mimba. Kutoka huko alituma kaseti kwa mkono wa msukuma baiskeli mwenzake, kwa sababu wakati ule barua ilisomwa kwenye kila kizuizi na watu wenye bunduki, lakini kaseti ya muziki hakuna aliyekuwa na subira ya kuisikiliza hadi katikati, mahali ambapo yeye alikuwa ameingiza sauti yake mwenyewe. Mama Furaha aliisikia mara moja, kwenye redio ya kaseti ya jirani, kwa betri zilizoanikwa juani ili zirudishe nguvu kidogo, naye alilia tangu mwanzo hadi betri zikafa, akasema moyoni basi, maneno nitayashika kesho. Kesho yake risasi zilirudi. Aliifukia kaseti nyuma ya nyumba ndani ya kopo la maziwa, akakimbilia msituni, akamzaa Furaha huko huko. Papa Amisi hakurudi, na hakuna aliyejua kaburi lake.

Miaka ikapita, Furaha akapata mchumba, na mama akaniletea lile kopo.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu mutoto hajasikia sauti ya baba yake hata siku moja. Nataka asikie siku ya harusi yake. Na hakuna mutu atasikia kwanza, hata miye."

Nikaiangalia kaseti. Unyevu ulikuwa umeingia, na kila kipande cha ukanda nilichogusa kiliacha unga wa kahawia kidoleni, na unga huo ndio sauti yenyewe. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyoeleza kila kitu: Mama, hii itapita kwenye redio mara moja tu, lakini usiogope, mara moja inatosha, kompyuta ikishaishika imeishika. (Mdomo wangu huu.)

Sauti yenyewe ilikuwa hafifu mno kusikika ukumbini, ilibidi ipite kwenye kisanduku cha kunasa sauti, iingie kompyutani, ikuzwe, ndipo itolewe kwenye bafle, zile spika kubwa za ukumbini. Kisanduku changu ni cha zamani hivi kwamba mifumo ya leo haikijui kabisa, kwa hiyo niliandika mwenyewe kiendeshi chake, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na kuifundisha kompyuta kuzungumza na kifaa. Tena kisanduku hakiwezi kunasa na kutoa sauti kwa wakati mmoja: ukimaliza kunasa, unakiondoa kiendeshi cha kunasa, unaingiza cha kutoa.

Sasa nifuateni hapa, si pagumu. Ndani ya kiendeshi kuna mfanyakazi wa nyuma, sisi mafundi tunamwita uzi, kazi yake kuchota sauti kutoka kisandukuni na kuipeleka, bila kuonekana na mtu. Mfikirie kama mama anayetwanga mpunga uani huku wageni wamekaa sebuleni. Ukitaka kuondoa kinu, kwanza umwambie aache. Kama amesinzia akingoja mpunga, umwamshe, maana aliyelala hasikii. Halafu ungoje mpaka aweke mchi chini na aseme "nimemaliza". Ndipo uchukue kinu. Ukikiondoa mchi ukiwa hewani, mchi haujui kwamba kinu hakipo, utashuka tu, na utakachokipiga Mungu ndiye anajua. Ndani ya kiini cha mfumo, mchi ukipiga pasipo kinu, kompyuta nzima inakufa papo hapo.

Haya yote niliyajua, ndiyo maana nasema ni aibu na wala si bahati mbaya. Kiendeshi changu kilikuwa na kasoro moja: kilimwambia mfanyakazi aache, kikamngoja, lakini kilisahau kumwamsha. Basi kikawa kinangoja mtu aliyelala.

Asubuhi ya harusi tulijaribu vyombo ukumbini, na Papa Ramazani, mjomba wa bwana harusi aliyepewa kazi ya kuongoza sherehe (mtu ambaye hakuhitaji kipaza sauti ila alikipenda), akasimama nyuma yangu akitazama kompyuta iliyoganda.

"Fundi, hii machini yako iko inafanya nini?"

"Inangoja, Papa."

"Inangoja nini? Bibi arusi iko tayari, bwana arusi iko tayari, hata mbuzi iko tayari! Machini yako njo mukubwa kuliko bote?"

Wapishi wakacheka, vijana wa muziki wakacheka, na mimi nikasikia masikio yanawaka moto. Dawa ya kweli ilikuwa mstari mmoja wa kumwamsha mfanyakazi na muda wa kutulia kuupima. Mimi nikafanya lililo rahisi zaidi: nikaufuta mstari wa kungoja. Nikajaribu, ikaenda haraka. Nikajaribu tena, haraka vilevile, na Papa Ramazani akanipiga begani akisema, "Unaona? Kumbe weye unajua!" Bila shaka ilienda, kisanduku kilikuwa kimya, mtwangaji amelala na mchi wake chini.

Mchana, baada ya wali na sombe, kisamvu chetu, muziki ukazimwa. Mama Furaha akaitoa kaseti kwenye fundo la kitenge chake, akanipa kwa mikono miwili. Nikaiweka kwenye redio, nikavaa spika za masikioni, nikaanza kunasa, macho kwenye kioo cha kompyuta, nikiwinda mikwaruzo, nikipandisha na kushusha, nikijiona daktari wa upasuaji. Sauti ilipokwisha, ule muziki wa zamani ukarudi kwenye ukanda, nikajua tumefika. Nilipaswa kusimamisha redio kwanza. Lakini Papa Ramazani alikuwa ameshaanza, "Watu wangu, sasa baba ya Furaha anaingia!", na mimi, ili nisimwaibishe, nikatoa amri ya kuondoa kiendeshi huku muziki unamiminika kisandukuni na mtwangaji yuko kazini kwa nguvu zake zote.

Kioo kikajaa herufi nyeupe, kikaganda. Taa ndogo ya kibodi ikaanza kuwakawaka. Na bafle, ambazo tayari zilikuwa zimefunguliwa hadi mwisho, zikatoa mngurumo wa umeme wa jenereta ya ukumbi tu: mmmmmm.

Shangazi mmoja wa Furaha, dada ya Papa Amisi, akadhani ndiyo sauti.

"Amisi! Amisi wangu!" akapiga kelele, akainuka, na meza nzima ikainuka naye, wengine vigelegele, wengine kilio, mzee mmoja akavua kofia akaijibu bafle, "Tuko hapa, ndugu yangu, tuko!" Mimi nilijua kwamba wanaililia jenereta, nikakosa ujasiri wa kusema, nikaacha iendelee kunguruma, hadi Furaha mwenyewe akanigeukia na shela lake akauliza taratibu, "Mwalimu, baba anasema nini?"

Nikasema, "Bado hajasema."

Watu wakakaa. Nikaiwasha kompyuta upya. Faili lilikuwepo, lina jina la Papa Amisi, na ndani hamna kitu, kwa sababu programu yangu ilikuwa inangoja mfanyakazi aseme amemaliza ndipo iandike sauti kwenye diski, na mfanyakazi yule hakupewa nafasi ya kusema. Nikarudisha ukanda nyuma nijaribu mara ya pili ile niliyosema haipo. Redio ikautafuna. Nilipofungua kifuniko, Mama Furaha alikuwa ameinama karibu yangu, tukautazama pamoja unga wa kahawia juu ya kitambaa cheupe cha meza.

Hakunitukana, na natamani hadi leo angenitukana. Alisema tu, "Lakini weye ulisikia. Ulikuwa na vile vitu kwa masikio. Alisema nini?"

Nilisikia mikwaruzo. Mbele ya ukumbi mzima ilibidi niseme kwamba mwanaume yule alizungumza masikioni mwangu na mimi sikumsikiliza, nilikuwa nashughulika na mashine.

Sasa nafundisha vijana kule Alunguli, ng'ambo ya mto, na wakiharibu nawaambia wasikate tamaa, kila kosa lina njia ya kurekebishwa, ila la kutongoja. Nimeapa sitaufuta tena mstari wa kungoja, hata rais akiwa amesimama nyuma yangu ameshika saa. Kiapo kizuri, kimechelewa.

Majuzi Furaha alikuja mwenyewe darasani, akangoja wanafunzi watoke.

"Mwalimu, hukushika hata kitu kimoja?"

Nikafikiri. Nikamwambia kipo kimoja: kabla ya kuanza kusema, alikohoa.

"Alikohoa namna gani?"

Nikaona haya, mtu mzima mimi, lakini nikakohoa, kikohozi kifupi, cha mtu anayesafisha koo ili asikosee.

Furaha akafumba macho.

"Tena," akasema.